Mtani Hakasiriki

*Wapagazi wa Tabora waliwacheka wakubwa wao kwa miguu, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Sisi leo tunaogopa kutuma kikatuni kwenye simu. Nini kimetupata, na kicheko kina kazi gani mahali penye woga?*

Umeshawahi kupata meseji inayomchambua mkubwa fulani, ukacheka mpaka machozi, halafu kidole kikasita kuituma kwa wengine? Unajiuliza: kwenye kundi hili nani yumo? Bosi yumo? Shemeji wa wizarani yumo? Unaifuta. Jioni mwenzako anakuuliza ulikuwa unacheka nini kwenye simu, unamjibu, "Ah, mambo ya ofisini tu." Hapo, mpenzi msomaji, woga umeshapita mlango wa mbele, umepita sebuleni, umeingia mpaka chumbani.

Serikali inayotawala kwa woga haina haja ya kumkamata kila mtu. Nani ana magereza ya kutosha? Inamkamata mmoja, mwingine anapigiwa simu ya "njoo mara moja hapa kituoni", na waliobaki wanajikamata wenyewe. Kila mtu anakuwa polisi wa mdomo wake. Na kitu cha kwanza kufa katika hali hiyo ni mzaha, kabla hata ya maandamano na kabla ya magazeti, kwa sababu mzaha ndiyo silaha ya mtu ambaye hana nyingine.

Ukitaka kuelewa jambo hili vizuri usianzie Dar es Salaam. Panda treni, nenda bara, shuka Tabora.

MZIGO KICHWANI, MANENO MDOMONI

Zamani kabla ya reli (treni ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914), watu walikwenda kwa miguu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora yenyewe, halafu ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kazi yao haikuwa ya mchezo: mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, jua kali, maji ya shida, na mwenye mali nyuma akihesabu siku zake.

Unaweza kudhani watu wa namna hiyo walikuwa wanyonge wasio na sauti. Hapana. Mwanahistoria Stephen Rockel katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006 anaonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wenye taratibu zao na heshima yao. Waligoma, walidai posho, na mwenye msafara akizidisha ubabe walimwachia mizigo yake porini wakaenda zao. Lakini kabla ya kugoma, waliimba.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora Novemba 1857 wakati mji ukiitwa Kazeh, aliyaandika mwenyewe. Kiongozi wa msafara alikuwa anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na aliyekuwa anasemwa ni yeye Burton! Waliimba kwamba ni mzungu mbaya, na kwamba watamfuata maadamu anawapa chakula kizuri. Fikiria kidogo hapo. Bosi yupo, ana bunduki, anasikia kila neno, na anajua Kiswahili. Lakini angefanya nini? Angemchapa nani, wakati wimbo umetoka midomoni mwa watu mia? Na ule wimbo ulikuwa pia ujumbe wa kikazi: tulishe vizuri, tutafika, tunyime, utajua hujui. Tusi moja, mkataba mmoja.

Hata neno "hongo" lilitumika sana kwenye njia hii. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa halali ambao wakuu wa njiani, hasa Ugogo, waliutoza misafara ili ipite na kuchota maji. Leo tunalitumia kwa maana ya rushwa. Hakuna bunge lililokaa likabadilisha maana hiyo. Watu wenyewe, taratibu, waliamua ule ushuru unafanana na nini.

UTANI NI MKATABA

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyokuza utani kati ya Wanyamwezi na watu wa Pwani kama Wazaramo. Wageni walipita kwenye nchi za watu kila mwaka, wakihitaji maji, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kuwazika wakifa safarini. Ugomvi ungekuwa wa kila siku. Badala yake watu wakafanya kitu cha akili sana: wakageuza uadui kuwa mzaha.

Wengi wetu tunaujua utani kwa Simba na Yanga, watani wa jadi. Lakini utani wa kweli una sheria kali kuliko za mpira. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kuku wako, akakuita mtumwa wake. Msibani ndiyo usiseme: watani wanaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa bahili, wanakaa njiani na kuzuia maiti isipite mpaka watolewe "chochote". Wafiwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Na hapo usikasirike. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Hebu tuliangalie hilo kwa makini, maana ndilo tunalolitafuta katika makala hii. Kwenye utani, kumcheka mwenzako ni HAKI, si hisani. Huombi ruhusa. Anayechekwa hana mamlaka ya kusema "leo sijisikii, mkamateni huyu". Awe tajiri, awe mwenyekiti, awe mkubwa wa ukoo, kwa mtani wake ni mtu tu kama wengine.

Lakini haki hiyo ina bei. Kwanza ni ya pande zote mbili: ukimcheka, kesho naye atakucheka. Pili, mtani ana kazi. Ndiye anayeshika jembe kaburini na kuni jikoni. Ndiye anayekuambia ukweli ambao ndugu zako wanaogopa kukuambia. Anayecheka tu na kuondoka huyo si mtani, ni mpita njia mwenye kelele.

BWANA SAKARANI NA JESHI LA NGOMA

Halafu wakaja Wajerumani. Hapo woga ukawa mfumo rasmi wa utawala. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga mpaka Januari 1893, walipoivunja ngome yake Tabora, naye akaamua kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Aliyeongoza shambulio hilo ni Tom von Prince. Watu wakampa jina: Bwana Sakarani, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha mtu aliyelewa. Mwenyewe alilipenda, akaona linasifia ukali wake vitani, na hata shamba lake kule Usambara likaitwa Sakarani. Sasa wewe jiulize: waliompa jina hilo walikuwa wanamsifia au wanamsema? Ndiyo uzuri wa jina la utani kwenye nchi yenye woga. Anayelisikia anachukua maana anayoitaka, na anayelitamka ana pa kujifichia.

Carl Peters naye alibaki Mkono wa Damu. Adhabu ya viboko 25 nayo ikapewa jina, hamsa ishirini, na watu wakalibandika jina hilo kwenye utawala wenyewe. Kiboko kiliweza kuchapa mgongo, lakini hakikuweza kuzuia watu kukipa jina.

Baadaye likaja beni. Ngoma hii ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia Tanganyika, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi waliorudi makwao. Vijana walivaa sare, wakatembea kwa gwaride, wakapeana vyeo: huyu Kingi, huyu Kaiza, huyu Jenerali, huyu Gavana, na kina dada nao wakawa Kwini. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vinashindana kwa nguo na maringo. Terence Ranger aliyetafiti ngoma hiyo na kuandika kitabu mwaka 1975 anatuonya tusilione beni kama dhihaka tupu. Vijana wale walikuwa wanajirusha, wanasaidiana kwenye misiba na shida, wanatafuta heshima mjini. Sawa kabisa. Lakini fikiria mtawala aliyezoea kuonekana kama nusu-mungu, anapita mtaani Jumapili anamkuta "Gavana" mwingine, mpishi wa jirani yake, kofia ile ile, mwendo ule ule, na umati unashangilia. Haishangazi kwamba maafisa wa Kiingereza walianza kuandikiana ripoti kuhusu ngoma.

ENZI ZETU: KUCHEKA NI KOSA?

Turudi kwenye miaka yetu. Tanzania haikukosa wachekeshaji. Katikati ya miaka ya 2000 nani hakukimbilia nyumbani kuwahi Ze Comedy, kina Joti, Masanja na Mpoki wakiigiza viongozi na wanahabari? Kenya, kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi wakati bado yuko madarakani, jambo ambalo miaka michache kabla yake hakuna aliyelithubutu. Na mchoraji Gado, Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar es Salaam, alianza kuchora katika Daily Nation la Nairobi mwaka 1992 na baadaye akaanzisha The XYZ Show, vikaragosi vya marais vinavyoongea kwenye televisheni.

Lakini kamba ilianza kukazwa. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kuuzwa Tanzania. Sababu iliyotajwa ni kwamba halikuwa limesajiliwa nchini, ingawa lilikuwa limeuzwa mitaani kwa miaka 20. Mwezi ule ule lilikuwa limechapa katuni ya Gado kuhusu Rais Kikwete iliyozua kasheshe. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Juni 2016 mkazi mmoja wa Arusha akahukumiwa faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka 3 kwa maneno aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais Magufuli. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: ukitaka kuendesha blogu wakati huo, leseni na ada zake zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2.

Sasa tazama visa viwili, vyote vya utawala wa Magufuli. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Siku moja baadaye rais mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe redioni, akashauri hata mambo ya kuongeza ndani yake. Watu wakapiga makofi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kujirekodi akicheka tu, akiangalia picha ya zamani ya Magufuli aliyevaa suti kubwa kuliko mwili. Alikaa mahabusu siku kadhaa. Alipofikishwa mahakamani, shitaka lilihusu laini ya simu. Miezi michache kabla, Oktoba 2019, alikuwa ameshaitwa polisi kwa kubadilishana sura na rais kwenye picha.

Rais ni yule yule. Mmoja kaachiwa na ushauri wa bure, mwingine kalala selo kwa kicheko. Tofauti iko wapi? Haiko kwenye sheria, iko kwenye moyo wa mkubwa siku hiyo ameamkaje. Na hiyo ndiyo hatari ya kushangilia msamaha. Siku ile ya 2017 tulidhani tumepewa uhuru, kumbe tulipewa hisani. Haki hainyang'anywi kwa sababu mtu kanuna, lakini hisani hunyang'anywa hata kabla ya chakula cha mchana.

Na tusimtwike mtu mmoja lawama zote. Magufuli alifariki Machi 2021. Septemba mwaka huo huo mchora katuni Opptatus Fwema alikamatwa kwa katuni iliyomhusu Rais Samia. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi watu walikuta kwenye simu zao onyo la polisi dhidi ya kusambaza picha na video za kuleta taharuki. Kwa majirani nako noma. Uganda, Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi kuhusu Museveni, na mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa na kuteswa. Kenya, Desemba 2024 kijana Kibet Bull, mchoraji wa vivuli vyeusi vya Rais Ruto, alitekwa, akaonekana tena Januari 2025.

KWA NINI KICHEKO KINAWAUMA?

Swali zuri. Mtu ana jeshi, ana polisi, ana mahakama, anaogopa kikatuni?

Jibu la kwanza: woga unafanya kazi ukiwa peke yako. Kila mtu anadhani ni yeye tu anayeona mfalme kavaa suti kubwa. Basi lote likicheka, siri imetoka. Hakuna aliyesema lolote, lakini kila mmoja sasa anajua kwamba mwenzake anajua.

La pili: hoja inajibiwa kwa hoja, lakini mzaha ukiujibu unauongezea nguvu. Mwendesha mashtaka analazimika kusimama mbele ya hakimu, amevaa suti, na kueleza kwa sauti nzito kwa nini kile kichekesho kilikuwa kinamhusu mheshimiwa. Ngugi wa Thiong'o alisimulia kwamba riwaya yake Matigari ilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, watu vijijini walizungumza sana habari za mtu huyo anayeuliza maswali kuhusu ukweli na haki, mpaka ikatoka amri akamatwe. Kumbe ni mhusika wa kitabu! Mwaka 1987 wakaamua kukamata vitabu.

Lakini tusidanganyane. Mzaha haujawahi peke yake kumtoa mtu Ikulu. Wapagazi waliomwimba Burton waliendelea kubeba mizigo yake. Wacheza beni walirudi Jumatatu kupika kwa mabwana zao. Wakati mwingine kicheko kinapunguza presha tu, tukishacheka tunalala. Mkubwa mwerevu anajua hilo, ndiyo maana hamkamati mchekeshaji, anamwalika kwenye sherehe. Akitoka huko mchekeshaji anachekesha kuhusu wapinzani na wake za watu, kuhusu bwana mkubwa anasifia. Zamani tungemwita mpambe, siku hizi tunamwita chawa. Kazi ya mzaha ni ndogo lakini muhimu: unawaweka watu macho na kuwakumbusha kwamba mkubwa ni binadamu, mpaka siku watakapokuwa tayari kudai kitu kingine.

NA NYUMBANI KWAKO JE?

Usidhani haya ni ya Ikulu peke yake. Kuna nyumba ambazo honi ya gari la baba ikisikika getini, televisheni inazimwa, watoto wanakimbilia chumbani, mama anabadilisha sura. Ndani ya nyumba hiyo hakuna anayemtania baba. Yeye anadhani anaheshimiwa. Kuna nyumba nyingine bibie ndiye serikali, jamaa akichelewa dakika kumi anaandaa maelezo kama mtuhumiwa. Hapo nako hakuna kicheko, kuna tabasamu la kujihami.

Kipimo ni rahisi. Je, mwenzako anaweza kukutania kuhusu kitambi, kuhusu pesa ulizoahidi, kuhusu mama yako, bila kuangalia kwanza umeamkaje? Kama jibu ni hapana, basi hamna ndoa, mna utawala. Na kama wewe unamtania lakini yeye hathubutu kukujibu, huo si utani, ni uonevu uliovaa meno. Watani wa njia ya misafara walijua hilo: mzaha unapanda juu na unakwenda pande zote, haumkanyagi aliye chini.

Halafu kuna ile hali ya wapenzi wengi wa mjini: mmoja anapenda kutuma vichekesho vya siasa, mwingine anaogopa kazi itaota mbawa. Aliyeogopa anaitwa mwoga, aliyetuma anaitwa mpumbavu, wanalala wamegeukiana migongo. Jamani, wote wana hoja. Mmoja analinda heshima ya nyumba, mwingine analinda mkate wake. Muongee. Woga ukisemwa wazi kati ya watu wawili unapungua nusu. Ukifichwa, unazaa na kulea.

Wikiendi ndefu ikipatikana, nendeni wote wawili Tabora. Tazameni Boma la Wajerumani, nendeni Kwihara nje kidogo ya mji kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, tembeeni chini ya miembe ya zamani. Mkibahatika mkasikia watani wakizozana, simameni msikilize. Hakuna anayeangalia nyuma.

KABLA HUJATUMA: MASWALI MATANO YA MTANI

1. Kinamcheka mwenye nguvu, au mnyonge? Kama ni mnyonge, achana nacho.
2. Kinachekesha kwa sababu ni kweli? Picha ya uongo inampa mkubwa kisingizio na wewe inakupa kesi.
3. Kinasema alichofanya, au kabila lake, dini yake na maumbile yake? Kazi yake ndiyo ya umma.
4. Mwenzako nyumbani anajua unachotuma? Kesi ikija itabisha hodi kwenu wote.
5. Siku utakapochekwa wewe, utavumilia? Kama huwezi, bado hujafuzu kuwa mtani.